Salamu ya Bi Mwanaesha

Leo nimepatikana. Ningeweza kunyamaza, lakini Komora ameapa atawasimulia kwa njia yake, na njia ya Komora mnaijua (huongeza chumvi mpaka chakula hakiliki). Kwa hivyo acha niseme mimi mwenyewe.

Kwa wasiojua: chuo kimetutuma mwaka huu tufanye kazi za jamii hapa Garsen. Mimi na Komora tumepangiwa akina mama wakimbizi. Ni Wasomali, wamekaa kambini miaka mingi, na sasa wamepewa makao hapa mjini waanze maisha. Asubuhi tunawafundisha. Komora anafundisha hesabu, mimi nafundisha Kiswahili. Naam, mimi, Mpokomo wa kijiji cha Hewani kando ya mto, ambaye mwalimu wangu wa sekondari alisema Kiswahili changu kina tope la mto. Lakini hawa mama wananiita "maalimad", yaani mwalimu, na kila nikiitwa hivyo shingo yangu hurefuka kidogo.

Tukimaliza somo wanatoka kwenda kuuza maziwa na sambusa kwa stegi, pale yanaposimama mabasi ya Lamu na Malindi. Maziwa wanayanunua kwa wafugaji Waorma alfajiri na kuyaweka kwenye friza iliyo humo humo darasani. Bila friza, jua la hapa mnalijua. Saa nne maziwa yameshakuwa mtindi, na mtindi ambao hakuna aliyeutaka.

Sasa, hicho chumba chenye friza si chetu. Ni cha Bi Mwanaesha. Bi Mwanaesha ni mjane mwenye maduka yake hapa mjini, mzaliwa wa Kipini, mwenye Kiswahili cha nyumbani kabisa, na alitupa hicho chumba bure. Bure. Lakini kila wiki lazima aje kukagua. Ataingia na udi wake, ambao hutangulia kufika kuliko yeye, na atauliza kwa nini ufagio umelala, nani ameacha friza wazi, na kwa nini mwalimu wa Kiswahili ameandika "kuliko na" mahali pa "kulikuwa na". (Aliniuliza hilo mbele ya darasa zima. Sijasahau.)

Basi mimi na Komora tukawa na mchezo wetu mdogo. Nikimwona Bi Mwanaesha kupitia dirishani, nashika kichwa kwa mikono miwili na kusema, "Kumekucha." Komora, bila hata kuinua macho, anajibu, "Mzigo umefika." (Bi Mwanaesha ni mtu wa mwili. Mungu amemjalia. Siongezi neno.) Tunacheka kidogo kwa chini chini, halafu tunakimbia mlangoni na "Shikamoo, Bi" tukiwa na nyuso za malaika. Tulidhani hakuna anayetusikia. Tulisahau kwamba mimi mwenyewe niliwaambia wale mama wiki ya kwanza: lugha haisomwi ubaoni tu, sikilizeni watu wanavyoongea.

Sasa tuje kwa leo.

Leo Bi Mwanaesha alikuwa anakuja kuamua. Kuna mtu wa saruji na mabati anakitaka hicho chumba kiwe stoo yake. Amekuwa akienda kwa Bi Mwanaesha kumjulia hali kila baada ya swala ya Ijumaa, na watu wanaojuliana hali hivyo huwa hawajuliani hali tu. Bi alituambia wiki iliyopita, kavu kabisa, "Nitakuya niwaangalie, kisha nitanena." Akaondoka. Hata chai yetu hakunywa.

Asubuhi mahamri niliyaangalia tu. Si mimi nitakayekosa riziki chumba kikienda, naelewa, lakini nimeshawaona wale mama. Mama Dahabo, ambaye ndiye mkubwa wao, aliingia kambini na mtoto wa mgongoni, na huyo mtoto sasa ana ndevu. Aliniambia siku moja kwamba huu ndio mlango wa kwanza aliowahi kuwa na ufunguo wake. Anautundika shingoni, ndani ya nguo. Nikimfikiria akiutoa na kumrudishia mtu, chakula hakipiti.

Kwa hivyo nikasema leo tutamkaribisha Bi kwa heshima zote. Nikawapanga mstari. Nikaandika ubaoni: "Shikamoo, Bi Mwanaesha. Karibu chumbani kwako. Tunakushukuru." Tukafanya mazoezi mpaka koo zikakauka. Sahra, mdogo kuliko wote, akawa anasema, "Shikamoo, Bi Mwanaesha, karibu tunakushukuru chumba." Namrekebisha. Anaitikia. Anarudia vile vile.

Mama Dahabo akainua mkono. (Niliwafundisha kuinua mkono. Mtaona jinsi nilivyojutia.)

"Maalimad, hii shikamoo ni ya watu wote. Hata polisi sisi nasema shikamoo. Bi Mwanaesha ni mtu yetu. Sisi nataka kusema ile salamu yake."

"Salamu yake ipi?"

"Ile yake," akasema, akawaangalia wenzake, wote wakatabasamu na kufunika midomo kwa shela.

Nikadhani ni salamu ya Kisomali. Nikaona ni jambo zuri, mgeni apokewe kwa lugha ya watu wenyewe. Nikasema, "Sawa, lakini shikamoo kwanza." Nilitaka kuuliza zaidi. Wallahi nilitaka. Lakini wakati huo huo Komora akaingia mbio kutoka nje, pumzi juu.

"Manze, anakuja. Ameshapita duka la simu. Na si peke yake, anafuatwa na mkokoteni."

"Mkokoteni wa nini?"

"Nitajuaje? Umefunikwa turubai. Mzito. Jamaa anausukuma akiinama." Akameza mate. "Hiyo ni saruji. Yule mtu ameshapewa chumba. Wanaleta mali. Tumeisha."

Nikaenda dirishani. Kweli. Bi Mwanaesha mbele na buibui lake, mwamvuli juu, anatembea taratibu kama mtu asiye na deni na dunia. Nyuma yake mkokoteni, turubai la buluu, vitu vimejaa. Nikaona friza juani. Nikaona maziwa yanaganda. Nikamwona Mama Dahabo anatoa ufunguo shingoni. Moyo ulishuka mpaka kwenye kandambili, na bila kufikiri, kwa hofu ya kweli, nikashika kichwa kwa mikono miwili.

Sikusema neno. Naomba hilo lieleweke. Miezi yote nimekuwa nikisema, na leo, siku pekee, sikusema.

Lakini nyuma yangu wale mama walikuwa wananiangalia. Waliona nimeshika kichwa. Na kumbe kwao hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya kuanza.

Udi ukaingia. Bi Mwanaesha akafunga mwamvuli na kuweka mguu mmoja ndani. Nami ndiyo nageuka nikiwa na uso wangu wa malaika, nafungua mdomo niseme shikamoo. Nikawaona mama wote wamesimama wima, mstari umenyooka vizuri kuliko mazoezini, na kila mmoja ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Nusu ya mstari wakasema kwa sauti moja, "Kumekucha."

Nusu nyingine wakajibu, bila kuinua macho, kwa sauti ile ile ya uvivu ya Komora, "Mzigo umefika."

Halafu wote wakacheka kidogo, kwa chini chini. Walikuwa wamekariri hata kicheko.

Bi Mwanaesha alibaki pale pale, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mumenena nini?" akauliza.

Wakaona mgeni amependa, anataka tena. Wakashika vichwa, wakarudia. Safari hii kwa nguvu zaidi, na Sahra (ambaye asubuhi nzima sentensi tatu fupi zilimshinda) akaitamka salamu bila kosa hata moja.

Nikaruka mbele. "Shikamoo, Bi. Karibu, Bi. Mzigo, Bi, ni ule wa mkokoteni. Wameuona dirishani. Wanajifunza maneno ya biashara."

"Leo somo lilikuwa mizigo," Komora akadakia. Alikuwa amerudi nyuma mpaka amegusa ukuta.

Bi Mwanaesha akageuka akautazama mkokoteni. Akatutazama sisi. "Haya," akasema pole pole. "Na kumekucha?"

"Ni asubuhi, Bi."

"Saa tatu hini?"

"Kwao... huchelewa kidogo kukucha, Bi." (Ndiyo. Nilisema hivyo. Mtu aliyefika chuo kikuu.)

Akaniangalia. Halafu nikaona kipaji cha uso wake kinakunjuka. Akatia mguu wa pili ndani. Akaanza kuangalia pa kukaa. Jamani, ilikuwa imepita. Nikaanza hata kumtafutia kiti.

Mama Dahabo akainua mkono.

Nilimkonyeza. Nilitikisa kichwa. Nilifanya kila kitu isipokuwa kumrukia. Lakini Mama Dahabo ni mwanafunzi mzuri, na mwanafunzi mzuri haruhusu kosa lipite.

"Samahani, maalimad. Hapana. Mzigo si hiyo gari ya mkono." Akanyoosha kiganja chote, kwa adabu, kwa sababu nilimfundisha kwamba kumnyooshea mtu kidole si heshima. "Mzigo ni yeye."

Komora akainama akaanza kutengeneza friza. Friza haikuwa mbovu.

"Mimi?" akauliza Bi Mwanaesha.

"Ndiyo, Bi," akasema Mama Dahabo, uso umejaa furaha. "Wewe nakuja kila wiki. Maalimad naona wewe kwa dirisha. Nashika kichwa hivi, nasema kumekucha. Komora nasema mzigo umefika. Halafu wao nacheka sana. Sisi hapana jua maana, mwanzo. Lakini mimi nafikiri. Kwetu asubuhi tunasema 'ma barideen', usiku yako imekucha kwa amani? Basi hii kumekucha ni hiyo. Na mzigo, sisi iko kwa stegi kila siku. Basi ya Lamu ikikuja na mzigo, watu yote nafurahi. Mzigo ikikosa, watoto nalala njaa." Akaweka mkono kifuani. "Hapo mimi nikajua. Hawa watoto wawili wanapenda Bi Mwanaesha kushinda sisi yote. Leo sisi pia nataka wewe ujue tunakupenda."

Sikuwa na pa kuangalia. Sakafu haikunisaidia. Wenzake walikuwa wanaitikia kwa vichwa, ndiyo, ndiyo, hivyo hivyo.

Bi Mwanaesha akavuta kreti la soda, akaketi. Akatandaza buibui magotini bila haraka. Halafu akaniita kwa kidole.

"Ndoo hapa mbele, mwanangu. Hebu shika kichwa, nami nione."

"Bi, naomba—"

"Shika kichwa. Wanafunzi wako wamefanya uzuri. Mwalimu atashindwa?"

Nikashika kichwa.

"Nena."

"Kumekucha," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

"Sikusikia. Yeo mimi nimekuya na masikio mazito, kwa sababu ni mzigo."

"Kumekucha, Bi."

"Na mwenzio, aliyeingia ndani ya friza?"

"Mzigo umefika," Komora akasema ndani ya friza.

Na wale mama, Mungu awabariki, wakatupigia makofi. Mama Dahabo akamgeukia Sahra na kumweleza kwa Kisomali, nadhani alimwambia tazama mwalimu anavyofanya, ndivyo inavyotakiwa. Sijawahi kusifiwa na kutamani kufa kwa wakati mmoja. Machozi yalikuwa yananilenga, na sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa bado kichwani, hakuna aliyeniambia niishushe.

Nilimwona Bi Mwanaesha ameinamisha uso. Mabega yakaanza kutikisika. Akavuta ncha ya mtandio akajifuta macho. Mpaka naandika hapa sijui kama alikuwa anacheka au analia, na sikuthubutu kuuliza. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: nimewapokonya hawa watu chumba chao kwa mdomo wangu mwenyewe.

Akapaza sauti nje. "Shusha."

Mtu wa mkokoteni akavuta turubai. Haikuwa saruji. Yalikuwa mabenchi, ya mbao, yametoka kwa fundi sasa hivi, bado yananuka vanishi. Alikuwa amewaletea mabenchi.

"Nimeona nyote mwaketi tini mkekani," akawaambia wale mama, akinena taratibu ili wamfuate. "Watu wazima wenye watoto, hawaketi tini kila siku eti kwa kuwa wanasoma. Yule mtu wa saruji nalimwambia tangu yana atafute kwengine. Chumba ni chenu. Nimekuya kuwaambia hilo tu."

Mama Dahabo aliwatafsiria. Mmoja akapiga kigelegele, wengine wakafuata, na Sahra akamshika Bi mkono akaubusu. Mimi nilikuwa bado nimesimama katikati ya chumba nimeshika kichwa. Niwaambie ukweli, afadhali angenitukana. Mtu anatupa chumba bure, anatoa mabenchi mfukoni mwake, na sisi kila wiki tunamcheka dirishani kwa sababu ametukosoa ufagio. Niliona aibu ya kweli, ile isiyochekesha.

Bi Mwanaesha akainuka akamshika Mama Dahabo bega. "Salamu yako nimeipokea. Mzigo wa namna hiyo nakubali kuwa." Halafu akanigeukia mimi. "Ule wako, nitaufikiri. Shusha mikono."

Nikashusha.

"Mabenchi haya ni ya wanafunzi," akaendelea. "Wewe na huyo wa friza mutaketi mkekani. Kuanzia kesho salamu nafundisha mimi. Na nyinyi wawili mutasoma pamoja na wenzenu, mutainua mkono, na asiyejua atarudia mpaka ajue."

"Ndiyo."

"Ndiyo nani?"

"Ndiyo, shikamoo, Bi." (Sijui ilitoka wapi. Msiniulize.)

Akafungua mwamvuli akaenda zake, na udi ukabaki nyuma yake kwa muda mrefu. Alipopita ule mlango nilikaa chini pale pale nikalia. Nililia kwa sababu chumba kimebaki, na kwa sababu ya mabenchi, na kwa sababu kesho lazima nirudi.

Mama Dahabo akaja akachuchumaa kando yangu. Akanifuta machozi kwa ncha ya shela lake. Kumbe katika yote yaliyotokea, yeye alichoelewa ni kwamba mwalimu ameulizwa Kiswahili mbele ya watu, akakosea, akashushwa darasa.

"Usilie, maalimad," akaniambia. "Kiswahili ni ngumu. Hata mimi mwanzo nilikosa sana. Wewe kaa karibu na mimi, nitakusaidia."

Kwa hivyo, jamani, anayetaka kucheka acheke leo amalize. Kesho asubuhi nina mtihani wa shikamoo, na niliyepangwa naye mkekani ni Komora.